"Kamusi Yangu Mbovu, Haina Hata 'Of'"

Mteja mwingine kanipigia wiki hii: ile kamusi ya Kiingereza niliyomsakinishia mbovu, ameandika "of" ikamjibu hakuna. Anataka niifute, niisakinishe upya.

Sifuti. Kifurushi alichonacho kinasoma data ya WordNet, hazina ya maneno ya Kiingereza, na WordNet haikuwahi kuwa na "of". Wala "the", wala "and". Mradi huo ulianza miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Princeton chini ya George Miller, mwanasaikolojia aliyetaka kujua maneno yanavyohusiana akilini mwa mtu. Wakachukua nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi tu, wakayapanga katika mafungu ya visawe ambayo sasa yamezidi 117,000, kila fungu na fasili yake. Vihusishi, viunganishi na viwakilishi viliachwa nje makusudi. Ndiyo maana ukitafuta "he" unaletewa gesi ya heliamu na herufi ya Kiebrania, na ukitafuta "in" unakutana na inchi na jimbo la Indiana. Mmoja aliniuliza kama ni virusi! Sakinisha upya mara kumi, hutapata kihusishi hata kimoja, kwa sababu programu ni nzima. Data ndiyo isiyo nacho. Dawa yangu ni ileile siku zote: weka na GCIDE, kamusi nyingine ya Kiingereza ya bure, pembeni. Humo "of" imeelezwa kwa urefu utakaokuchosha.

Ila GCIDE nayo isikudanganye kuwa ni ya kisasa kwa vile tu imo ndani ya kompyuta. Msingi wake ni Webster, kamusi ya Kimarekani, ya mwaka 1913, ambamo "computer" ni mtu anayepiga hesabu.

Eti maana ya kwanza ndiyo sahihi? WordNet hutanguliza maana iliyojitokeza mara nyingi zaidi katika matini walizozichambua. Sentensi yako haikuwamo. Shuka chini, soma zote.

Na programu ya hunspell si kamusi, jamani. Inajua tahajia, maana haijui.

Wengine wanashikilia kwamba bila intaneti hakuna fasili. Ukiwa na dictd, yaani seva ya kamusi, pamoja na data yake kwenye mashine yako, majibu yanatoka humohumo, kupitia poti 2628 (mlango wake wa mawasiliano). Anayesakinisha dict, programu ya kuulizia tu, peke yake ndiye anayeishia kuuliza seva ya mbali, na mtandao ukikatika ananipigia mimi.