Kijani si kimoja, na majani si ya kuziba matundu

Nimetumiwa tena ile picha ya shada la maua bandia. Waridi za krepu, ile karatasi laini yenye mistari ya mikunjo, zimekunjwa kwa ustadi, midomo ya petali imevutwa vizuri, hakuna waya unaochungulia popote. Halafu pembeni kuna majani ya plastiki yanayong'aa, yamechomekwa kila palipoonekana mwanya. Swali linalofuata ni lilelile: "Mbona bado linaonekana bandia? Nirudie maua?"

Jamani, maua hayana kosa. Kinachowaangusha wengi ni imani kwamba majani ni ya kuziba matundu, kwa hiyo huchaguliwa mwisho, na jani lolote litafaa mradi ni la kijani.

La matundu nilimalize haraka. Tundu kwenye shada lina sababu yake: shina fupi, kichwa kilichogeukia vibaya, au maua yote kusimama kimo kimoja. Jani halitibu hayo. Kinachotakiwa kufichwa ni sponji inayochomekwa mashina, nayo hufichwa kwa majani mafupi kabla ya ua la kwanza. Matawi ya kutoa umbo yanafuata, kisha maua, kisha vijazio, yaani vile viua vidogo vya kusindikiza ua kuu. Ukitanguliza maua, kila tawi unaloliingiza baadaye litakwaruza petali, na krepu ikishafinywa hairudi. Nafasi iliyo wazi kati ya maua mawili iache. Bila hiyo hakuna ua litakaloonekana kama ua, litakuwa rundo.

Sasa tuje kwenye kijani, ambako uvumilivu wangu huishia.

Kuna kijani chenye unjano, kama cha majani machanga, na kuna kijani kilichoelemea bluu na kijivu, kama cha majani ya mviringo ya mkaratusi. Hivi viwili haviwezi kubadilishana nafasi kwa sababu tu vyote vinaitwa kijani. Weka ua la krimu katikati ya mkaratusi: krimu inapata joto, inaelekea rangi ya chungwa hafifu. Chukua ua hilohilo uliweke kwenye kijani chenye unjano mkali, linapoa na kupauka. Ua halijaguswa, jirani yake ndiye aliyebadilika. Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa idara ya rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, na alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi ya kutosha. Alipochunguza, akaona rangi ile haina kasoro, ila imesukwa kando ya rangi zinazoifanya ionekane dhaifu. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka 1839, na mpaka leo watu wanafumua waridi zao badala ya kubadilisha majani.

Linganisha rangi kwenye mwanga wa mahali shada litakapokaa. Vijani viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa na kuachana vibaya mbele ya dirisha, kwa kuwa kila kimoja kimechanganywa kwa rangi tofauti.

Na tafadhali, kijani kinachopiga kelele kiepukeni. Tamaa yake ni ya zamani. Mwaka 1861, jijini London, Matilda Scheurer, binti wa miaka 19 ambaye kazi yake ilikuwa kunyunyizia majani bandia unga wa kijani, alikufa kwa sumu ya arseniki iliyokuwa ndani ya unga huo. Wateja walikuwa wanataka kijani kikali kuliko cha bustanini. Arseniki tumeiacha, kelele tumebaki nazo.

Mng'ao ni kesi nyingine. Krepu haing'ai, plastiki inang'aa, na jicho linagundua tofauti hiyo kabla halijajua ni ua gani. Majani halisi nayo yapo yanayong'aa, lakini ligeuze: upande wa chini umefifia, mishipa imejitokeza. Jani la kiwandani mara nyingi lina sura moja pande zote. Mimi hukwangua chaki ya rangi ya kijivu-kijani nikapata unga, nikausugua kwa pamba upande wa chini na kwenye kikonyo, kisha nikapulizia vanishi isiyong'aa kwa mbali. Rangi ya akriliki itumie kwenye majani ya kitambaa. Kwenye plastiki laini inapendeza mpaka siku utakapokunja jani, hapo itabanduka magamba.

Bora zaidi, tengeneza jani mwenyewe. Kata krepu mshazari, igawe vipande viwili, kimoja ukigeuze, kisha vigundishe pamoja na waya katikati. Mistari ya krepu sasa inatoka kwenye waya ikipanda pande zote mbili, na hiyo ndiyo mishipa yako. Hujachora chochote.

Je, waridi lazima liwe na majani ya waridi? Hapa mwenyewe nasitasita. Jani la waridi kwa kawaida limegawanyika kuwa vijijani vitano au saba kwenye kikonyo kimoja, vyenye kingo za meno, na jani lililofungwa kwa tepu kwenye shina la ua lenyewe nataka liwe hivyo. Yungiyungi (lili, si lile la majini) ukilipa jani lenye mishipa ya matawi badala ya mistari sambamba, nitalitazama hilo tu. Tawi linalosimama peke yake nimeliachia uhuru, kwa sababu wapangaji wa maua halisi huchanganya waridi na mkaratusi kila siku. Tatizo ni kwamba nusu ya maua ya krepu tunayotengeneza hayapo duniani. Jani halali la ua la kubuni ni lipi? Kanuni yangu inayumba hapo, nami naenda kwa macho.

Vijazio, kwa kifupi: viwe vidogo sana kuliko ua kuu, na viwe na umbile tofauti. Jipsofila ya plastiki, ile ya viua vidogo vyeupe, ni nyeupe mno na imesambaa sawasawa mno. Punguza vichwa nusu, vilivyobaki vigusishe rangi ya krimu, uviweke kwa mafungu. Statisi halisi iliyokaushwa, ua dogo la vishada, hutunza rangi yake na ina ukaratasi unaoelewana na krepu, ingawa kuna siku naitazama na kuona imeyaumbua maua yote yaliyo jirani nayo.

La mwisho ni dirisha. Kijani cha kiwandani mara nyingi ni mchanganyiko wa bluu na njano, na njano ndiyo huwahi kuliwa na jua, ndiyo maana majani ya zamani hugeuka bluu. Kama shada litakaa penye jua, chagua majani ya bluu-kijivu tangu mwanzo. Hayana njano nyingi ya kupoteza.