Je, wajua kwa nini kamba wazazi hulishwa ngisi na minyoo ya baharini?

Usiku, kwenye kituo cha kutotoa vifaranga vya kamba kule Thailand au Ecuador, utamkuta mhudumu ameinama juu ya tangi na tochi mkononi, anamulika migongo ya majike. Kamba mweupe wa Pasifiki, Penaeus vannamei, ana gamba linalopitisha mwanga. Jike aliyeiva huonyesha utepe mnene wa rangi ya chungwa mgongoni: hayo ni mayai. Rangi ile hakuitengeneza mwenyewe. Ameila.

Kamba wa bwawani, anayefugwa kwa ajili ya kuuzwa, hukua vizuri tu kwa chakula cha punje kilichokaushwa. Mbona basi mzazi apikiwe karamu ya ngisi, kome, chaza na minyoo ya baharini, ile ambayo wavuvi huichimba kwenye tope kwa ajili ya chambo?

Tuanzie kwa mtoto. Yai la kamba lina upana wa takriban robo ya milimita tu. Saa 12 hadi 18 hivi baada ya kutagwa huanguliwa, na kinachotoka ni kiluwiluwi kiitwacho nauplio. Kiluwiluwi huyu hali chochote. Kwa takriban siku mbili anaogelea na kujivua ngozi mara kadhaa kwa nguvu ya kiini alichoachiwa na mama yake. Kilichopungua kwenye kiini, hakuna wa kukiongeza. Ndiyo maana mama aliyelishwa vibaya hutaga mayai machache yasiyoanguliwa vizuri, au watoto wake hulegea na kufa wakifika hatua ya zoea, pale wanapotakiwa kuanza kula mwani wenyewe.

Na mama huyo ana upungufu wa kimaumbile. Ini la binadamu hutengeneza kolesteroli; kamba hawezi kabisa, ni lazima aile, na bila hiyo hapati malighafi ya homoni zake. Ngisi ana kolesteroli tele. Mafuta ya omega-3, pamoja na asidi arakidoniki, aina nyingine ya mafuta, kamba huyatengeneza kwa kiasi kidogo mno kisichotosha mayai laki moja na zaidi ambayo jike wa gramu 40 anaweza kuyataga kwa mara moja. Hapo ndipo minyoo inapothaminiwa, kwa kuwa ina asidi arakidoniki nyingi. Ina pia prostaglandini, kemikali zinazosaidia mayai kuiva. Ile rangi ya chungwa nayo ni astaksanthini na jamaa zake, ambazo chimbuko lao ni mwani na humfikia kamba kupitia viumbe waliokula mwani huo.

Kwa siku, chakula hiki kibichi kinaweza kufikia robo ya uzito wa kamba, kikigawanywa mara nyingi mchana na usiku. Ni kingi, ingawa sehemu kubwa yake ni maji.

Kuna jambo jingine linalofanya chakula kiwe na umuhimu zaidi, na mimi linaniuma. Kwenye kikonyo cha jicho la kamba kuna tezi inayotoa homoni ya kuzuia mayai yasiive. Akiwa tangini, jike mara nyingi hachangamkii kuzaa, kwa hiyo vituo vingi humkata au kumbana kikonyo kimoja. Breki ikishaondoka, ndani ya siku chache mayai yanaiva, anataga, na muda si mrefu anaanza tena. Mwili unasukumwa kuzaa mfululizo, na akiba yake huisha haraka chakula kisipofidia. Baadhi ya vituo vimeacha kukata jicho, vikategemea lishe bora na majike waliochaguliwa vizazi kwa vizazi. Naona hiyo ndiyo njia ya kufuata.

Minyoo ina hatari yake. Inaishi kwenye tope na kula mabaki, hivyo inaweza kubeba kirusi cha madoa meupe, ugonjwa unaoua kamba, uliozuka Asia ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuyafikia mashamba ya Msumbiji mwaka 2011, kisha Madagaska mwaka uliofuata. Kuigandisha peke yake hakutoshi, kwani kirusi hicho hustahimili baridi ya friza. Mfugaji anayenunua minyoo iliyochimbwa ufukweni karibu na mabwawa ya kamba anaweza kuuingiza ugonjwa hadi kwenye tangi la wazazi, na kutoka hapo ukawafikia vifaranga wanaouzwa kwa wakulima wengine. Kwa sababu hiyo, siku hizi kuna watu wanaofuga minyoo yenyewe, ndani ya matangi ya mchanga na maji yaliyosafishwa, na kuipima magonjwa kabla haijapelekwa kwa kamba.