Si kweli kwamba kompyuta ya injini huchomekwa tu na gari likawaka

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu kila mara: taa ya injini ikiwaka na gari likikosa nguvu, kompyuta imekufa, tafuta iliyotumika ya gari la aina hiyohiyo, chomeka, kazi imekwisha. Tafadhali usiusambaze, unawagharimu watu pesa nyingi.

Taa hiyo inasema tu kwamba kompyuta imeona hitilafu. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye sensa, waya uliochubuka, fyuzi au nati ya ethi (waya unaounganisha umeme na bodi ya gari) iliyoshika kutu. Anza na betri: injini ikiwa imezimwa, isome takriban volti 12.6, ikinguruma, kati ya 13.5 na 14.5 kwa magari mengi. Kisha fundi asome kodi za hitilafu, yaani alama ambazo kompyuta huhifadhi inapoona tatizo. Kodi ya P0606 inagusa prosesa ya kompyuta yenyewe, lakini hata hapo umeme na ethi vipimwe kwanza.

Kinachowachanganya watu ni magari ya zamani, ambayo mengi yalikubali kubadilishiwa hivyo. Mengi ya sasa yana mfumo wa kuzuia wizi: kompyuta inatambua funguo zake, na ngeni isiposajiliwa injini inakataa kuwaka, au inawaka na kuzima papo hapo. Linganisha pia namba ya kipuri iliyo kwenye lebo, herufi kwa herufi. Magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa na giaboksi tofauti, na programu tofauti ndani.