Ubingwa wa Mikono na Ubingwa wa Kufundisha: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Daktari anayefanya tiba kwa ustadi ataifundisha kwa ustadi uleule.

Ukweli: Ustadi wenyewe ndio unaomkwamisha. Katika kitabu chao cha mwaka 1967, wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner walieleza kwamba anayejifunza kazi ya mikono huanza kwa kuifikiria kila hatua, kisha huziunganisha hatua hizo, na mwishowe huzifanya bila kuzifikiria. Daktari aliyefika ngazi ya mwisho hafichi ujuzi wake kwa makusudi, bali sehemu kubwa ya ujuzi huo haimjii tena akilini anapoombwa kuueleza.

Chukua mfano wa kutoa maji ya uti wa mgongo. Bingwa atasema, "Ingiza sindano kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno," naye atadhani ameeleza yote. Hatasema kwamba kabla ya kushika sindano alikwisha kumsogeza mgonjwa hadi ukingoni mwa kitanda, akamkunja magoti, na akahakikisha bega la juu halijaegemea mbele, kwa sababu mgongo uliogeuka upande kidogo tu hubadilisha njia nzima ya sindano. Wala hatakumbuka kutaja kwamba, sindano inapogonga mfupa, yeye huirudisha nyuma hadi karibu na ngozi kabla ya kubadili mwelekeo, ilhali mwanafunzi huipindisha ikiwa bado ndani na kushangaa kwamba inagonga palepale. Dawa ya tatizo hili si kumhimiza bingwa ajieleze zaidi, bali ni kumweka mwenzake anayemwuliza wakati anafanya kazi: umejuaje kwamba umefika, na ungeona nini ungesimama? Majibu yake huandikwa, na hayo ndiyo huwa somo.

Dhana potofu: Tazama mara moja, fanya mara moja, kisha fundisha.

Ukweli: Kauli hii huhusishwa na William Halsted, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, jambo ambalo kwa kiasi fulani ni kumwonea, maana mafunzo yake yalichukua miaka mingi na wajibu ulipandishwa hatua kwa hatua. Utaratibu wa kufundisha wa daktari mpasuaji Peyton, uliochapishwa mwaka 1998, unafaa zaidi: mwalimu hufanya kwa mwendo wa kawaida bila maelezo, hurudia polepole akieleza, kisha hufanya tena huku mwanafunzi ndiye anayemwelekeza, na mwisho mwanafunzi hufanya mwenyewe akitaja kila hatua. Hatua ya tatu ndiyo madaktari wengi huiruka kwa kuona inapoteza muda, ingawa ndiyo inayofichua asichokielewa mwanafunzi kabla sindano haijamgusa mgonjwa.

Dhana potofu: Mwalimu mzuri huelekeza muda wote.

Ukweli: Anayejifunza hana nafasi kubwa akilini ya kupokea maneno mapya wakati mikono yake inatafuta njia. Maelezo marefu yatolewe kabla na baada, na katikati yabaki maneno machache mliyokubaliana mapema.

Dhana potofu: "Umefanya vizuri" ni mrejesho tosha.

Ukweli: Ni adabu, si mrejesho. Mwanafunzi anahitaji kuambiwa kilichoonekana, kwa mfano kwamba kidole chake kiliondoka kwenye alama ya ngozi alipogeuka kuchukua ganzi, na kwamba kuanzia hapo alikuwa akikisia.

Dhana potofu: Kumpokonya mwanafunzi kifaa ni ukali, na kumwachia ni kumwamini.

Ukweli: Yote mawili hutegemea mlichopatana. Kabla ya kumkaribia mgonjwa, mwalimu anapaswa kutamka kiwango chake: baada ya majaribio mangapi, au kwa dalili gani ya maumivu, atashika kazi mwenyewe. Akishaipokea, aendelee kueleza anachokibadilisha, maana wakati huo mwanafunzi ametoka tu kukutana na ugumu ule kwa mikono yake mwenyewe na yuko tayari kuliko wakati mwingine wowote kuona ulivyotatuliwa.