Hola 1959: Hakuna aliyeuawa na maji

Kila Machi ikikaribia, swali hurudi lile lile: "Ile sumu ya Hola, nani aliitia kwenye maji?" Huulizwa na wanafunzi, na wajukuu wanaofuatilia habari za babu zao, na hata watangazaji wa redio ambao wangepaswa kusoma kabla ya kushika maikrofoni. Hapakuwa na sumu. Maji nayo hayakuua mtu. Hadithi ya maji ilitungwa na serikali ya kikoloni, na inashangaza kwamba zaidi ya miaka 60 baadaye sisi ndio tunaoisambaza bure.

"Walikufa kwa kunywa maji"

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola kando ya mto Tana, wanaume zaidi ya 80 waliozuiliwa kwa kushukiwa kuwa wa Mau Mau, vuguvugu lililopigana na ukoloni wa Waingereza Kenya, walitolewa katika sehemu ya kambi iliyotengewa wale walioitwa sugu. Walipelekwa kuchimba mfereji wa mradi wa umwagiliaji. Watu hawa walikuwa wamekataa kazi tangu zamani, kwa hoja kwamba wao si wahalifu bali wamezuiliwa kwa siasa. Walipigwa rungu. Watu 11 walikufa, na makumi ya wengine wakaumizwa vibaya.

Kesho yake taarifa rasmi ikatoka Nairobi. Ilisema kwamba watu hao walikuwa katika kundi la kama 100 waliokuwa wakichimba mitaro, na kwamba vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya gari lililotumiwa na wafanyakazi wote pamoja na askari waliowalinda.

Isomeni polepole. Hakuna mahali inaposema maji yaliua. Inayataja maji kwanza, vifo baadaye, kisha inamwachia msomaji aunganishe mwenyewe. Rungu halitajwi. Ikitokea mwandishi wa taarifa amebanwa, anaweza kuapa kwamba hakusema uongo: kweli walikunywa, kweli walikufa. Lakini taarifa hiyo hiyo inajitoboa. Kama gari la maji lilikuwa moja na askari nao walikunywa humo, mbona hakufa askari hata mmoja? Swali hilo lilitosha kuimaliza siku ileile.

Kilichoimaliza hasa ni upasuaji wa maiti. Haukukuta sumu, ulikuta michubuko mwili mzima. Uchunguzi wa hakimu W. H. Goudie, uliotolewa Mei 1959, ulitaja sababu ya vifo kuwa mshtuko na kuvuja damu kutokana na michubuko mingi iliyosababishwa na kipigo. Hapa ndipo wengi hukwama: "Kama walipigwa hadi kufa, mbona hawakufia pale pale?" Rungu halihitaji kupasua fuvu ili liue. Likipiga mapaja, mgongo na mikono mara nyingi, damu huvujia ndani ya nyama, shinikizo la damu hushuka, na mtu anaweza kuanguka baada ya muda akiwa hana jeraha kubwa la wazi. Na mtu anayevuja damu ndani hushikwa na kiu kali. Aliyepigwa hivyo, chini ya jua la Hola, ataomba maji kabla hajaanguka. Kwa hiyo kiu ni dalili ya kipigo, na taarifa ya Nairobi iliigeuza dalili ikaifanya chanzo.

Toleo la sumu ni mtoto wa uongo huo. Anayelisimulia hudhani anawashtaki wakoloni, kumbe anawapunguzia kosa. Sumu inaweza kuwa kazi ya mtu mmoja aliyejificha, lakini kipigo cha Hola kilikuwa kazi iliyopangwa kwa maandishi.

"Ilikuwa hasira za mkuu wa kambi tu"

Hili nalo linafaa kuzikwa. Mpango uliandikwa na afisa mwandamizi wa magereza, John Cowan, na ndiyo maana huitwa Mpango wa Cowan. Maelekezo yake yalikuwa kwamba wanaokataa kazi wasukumwe kwa nguvu hadi mahali pa kazi na walazimishwe kuifanya. Kabla ya utekelezaji, Februari 1959, mkuu wa magereza J. H. Lewis alimwandikia waziri wake kwamba nguvu zitatumika, na kwamba mtu anaweza kuumia au hata kufa. Waziri alijua, na mpango ukaendelea. Mkuu wa kambi, Michael Sullivan, aliutekeleza vibaya kuliko ulivyoandikwa, maana alitoa kundi kubwa mara moja, lakini hakuubuni yeye.

Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1957, nguvu kama hizo zilipokuwa zikitumika katika kambi za Mwea, Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones alimshauri Gavana Evelyn Baring kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya.

Mengine, kwa ufupi

"Waliwashambulia askari." Goudie alikataa: hapakuwa na jaribio lolote kubwa la pamoja la kuwavamia askari, na kipigo kililenga kuwalazimisha kazi au kuwaadhibu kwa kuikataa.

"Wazungu ndio walioshika rungu." Rungu zilishikwa na askari jela Waafrika, chini ya maafisa Wazungu. Ukweli huu hauwapendezi wengi, lakini ukiuondoa hutaelewa kwa nini hakimu alisema hawezi kumtaja aliyempiga nani.

"Wahusika walifungwa." Hakushtakiwa hata mmoja. Sullivan alistaafishwa bila kupoteza kiinua mgongo chake, na Cowan akapewa nishani ya Uingereza mwaka huo huo.

"Hola ndiyo mauaji makubwa kuliko yote ya Hali ya Hatari." Hapana. Kipindi hicho cha 1952 hadi 1960, serikali ilipopambana na Mau Mau, walinyongwa zaidi ya watu 1,000 kwa hukumu za mahakama. Hola inajulikana kwa sababu ilifichuka, ikajadiliwa katika Bunge la Uingereza usiku wa 27 Julai 1959, na hata Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, akaishambulia serikali yake mwenyewe.

"Faili zote zilichomwa"

Nyingi zilichomwa, na utaratibu wake tunao. Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya za uhuru zisirithi nyaraka zinazoweza kuiaibisha Uingereza. Faili za siri zikatengwa na kupigwa muhuri wa herufi W, na zikaruhusiwa kushikwa na maafisa Waingereza wa asili ya Ulaya peke yao. Za kuchomwa zilitakiwa ziwe majivu, na majivu yavunjwevunjwe. Za kuzamishwa zilitakiwa ziingie kwenye masanduku yenye uzito na kutupwa kwenye maji ya kina yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Kila uteketezaji uliandikiwa hati. Faili ikitolewa mahali ambapo pengo lingeonekana, ya bandia iliwekwa badala yake.

Lakini zilizobaki zilisafirishwa. Takriban faili 1,500 za Kenya zilipelekwa Uingereza, Kenya ikaziomba mwaka 1967 ikanyimwa, na hatimaye kuwepo kwake Hanslope Park, ghala la serikali ya Uingereza, kukakiriwa mwaka 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau. Mmoja wa wazee hao, Wambugu wa Nyingi, alinusurika Hola. Sasa faili hizo ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza pale Kew, London, chini ya alama FCO 141, na katalogi yake husomwa mtandaoni bila malipo.

Kwa anayetafuta babu, kosa la kwanza ni kuanza na jina. Karani wa kikoloni aliandika jina alivyolisikia: Kamau anaweza kuwa Kaman, "wa" ikaachwa, jina la baba likawekwa mbele. Anza na kambi, wilaya na mwaka, kisha upekue majina ndani ya faili. Fanya hivyo pia katika Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na uende na kitambulisho. Mjadala wa Bunge umo katika Hansard ya Uingereza, bure: tafuta Juni na Julai 1959.

"Bado tunaweza kujiandikisha tulipwe"

Makubaliano ya Juni 2013, ambayo serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee wa Mau Mau, yalihusu wadai 5,228 waliokuwa tayari kwenye kesi, kwa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo. Orodha hiyo ilifungwa. Kesi ya pili, ya wadai zaidi ya 40,000, ilitupwa na mahakama ya London mwaka 2018. Anayepita vijijini leo akitoza ada ya "fomu za Mau Mau" ni tapeli. Mwombe namba ya kesi na jina la mahakama, na kama hana, usimpe hata nakala ya kitambulisho.