Uchovu na misuli ya mwenye goita: yanayosemwa Tanga, na ukweli wake

Tanga mjini, mwenye tatizo la tezi ya shingo hakosi washauri. Akisema tu miguu inamuuma, huyu ana jani, yule ana dua, na jirani wa tatu ana kidonge kilichobaki kwa marehemu mumewe. Wote wanamtakia heri. Ila yapo maneno yanayomchelewesha mgonjwa, na yapo yanayomkosesha usingizi bure.

"Shingo yangu haijavimba, basi tezi ni nzima."

Sivyo. Tezi inaweza kupunguza kazi na shingo isibadilike hata kidogo, na mwenye rovu kubwa anaweza kuwa na homoni za kawaida kabisa. Damu ndiyo husema: kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi, mara nyingi pamoja na T4, homoni ya tezi yenyewe.

"Sisi watu wa pwani tunakula samaki. Goita ni ya milimani."

Maneno haya yana asili yake. Milimani mvua husomba madini joto kutoka kwenye udongo, na goita ilienea huko hasa. Ndiyo maana miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Lakini tezi huharibika pia kwa kinga ya mwili kuishambulia, ugonjwa ulioelezwa na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Huo haujali unakaa Lushoto milimani au Raskazone pwani, na samaki hawauzuii. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kujaza madini joto kunaweza hata kuizidishia tezi tabu, kwa hiyo tafadhali usijitibu kwa vijiko vya unga wa mwani.

"Mwili kuuma ni uzee tu, au uvivu."

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, maana wanaoambiwa hivi wengi ni wanawake waliokwisha kufua, kupika na kubeba ndoo kabla ya saa mbili asubuhi.

Homoni ya tezi ndiyo inayopanga kasi ya mwili kutumia nishati. Ikipungua, misuli hufanya kazi polepole. Daktari akigonga kano ya kisigino, wayo huruka kisha hurudi taratibu, mpaka unaona kwa macho. Mtu huamka amekakamaa, usiku misuli ya miguu humbana, na mapaja na mabega hukosa nguvu. Kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK nacho hupanda kwenye damu. Tezi ikizidisha kazi, mapaja na mabega hudhoofu vilevile, ila huyo hukonda, moyo humwenda mbio na mikono humtetemeka.

Kuchoka na kukosa nguvu ni mambo mawili, na daktari anahitaji kujua lako ni lipi. Mama mdogo wangu, akiulizwa, alikuwa akijibu, "Mwili wote tu, mwanangu." Lakini ukimtazama akimaliza kukuna nazi, ulikuwa unaona: anaweka kifuu chini, anashika fremu ya mlango, anasukuma goti kwa kiganja, ndipo anainuka kwenye mbuzi. Siku alipomweleza daktari habari ya ile mbuzi, alipimwa nguvu za mapaja na akaandikiwa vipimo vya damu. Basi nawe ukienda, sema kitu kama hicho: siwezi kuinuka bila kushika kitu, siwezi kuanika nguo kwenye kamba ya juu, mikono inalegea nikimsuka mtoto.

"Nimemeza dawa wiki mbili, hazinisaidii."

Levothairoksini, kidonge cha kurudishia homoni ya tezi iliyopungua, haina haraka. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, na misuli huweza kuchukua miezi zaidi hata baada ya homoni kukaa sawa. Kujiongezea dozi ni hatari: ikizidi, mapigo ya moyo yanaweza kwenda ovyo na mifupa kupungua uimara.

Kabla ya kuilaumu dawa, tazama inavyomezwa. Kidonge kinatakiwa tumbo tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Ukikiteremsha kwa chai ya maziwa na kitumbua mkononi, sehemu yake haiingii mwilini. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa 4. Mwezi wa Ramadhani usikiache: panga na daktari ukimeze unapoamka, nusu saa kabla ya daku, au usiku, saa 3 baada ya kula.

"Vipimo vimetoka vizuri na bado nachoka. Basi nina ugonjwa mkubwa uliofichika."

Hofu hii si ujinga, na anayeibeba hastahili kuambiwa "acha wasiwasi". Anastahili kutafutiwa sababu nyingine: upungufu wa damu, kisukari, figo, ukosefu wa vitamini B12, usingizi wa kukatikakatika, sonona. Dawa za kupunguza lehemu (kolesteroli) huweza kuumiza misuli, hasa tezi ikiwa haijatibiwa vizuri. Mara nyingi kinachopatikana kinatibika.

Na jicho kucheza? Wazee wetu husema unapata mgeni. Ukitafuta kwenye simu usiku wa manane, inakuambia unapooza. Misuli kuchezacheza bila kupoteza nguvu kwa kawaida haina madhara, na huzidi mtu akikosa usingizi au akinywa kahawa nyingi.

"Umerogwa, acha dawa za hospitali kwanza."

Kisomo hakigombani na kidonge. Anayetaka kusomewa asomewe, na asubuhi ameze dawa yake.

"Misuli haiui, nitangoja tarehe ya kliniki."

Mengi yanaweza kungoja, haya hayangoji: nguvu zinazopungua siku hadi siku, kushindwa kumeza, kuhema kwa shida, maumivu ya kifua, mguu au mkono kupooza ghafla, na maumivu makali ya misuli yanayoambatana na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Huo mkojo huweza kumaanisha misuli inavunjika na figo zinaumia. Hata kama ni saa nane za usiku, tafuta bajaji uende hospitali, na uchukue dawa zako zote kwenye mfuko ili daktari azione.