Mtoto wa Paka Ananyonyoka Manyoya: Tazama Kabla Hujapaka

Asubuhi moja mama mmoja alifika kliniki na kikapu cha ukindu kilichofunikwa kwa kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka wa wiki nane hivi. Juu ya jicho la kushoto na kwenye ncha ya sikio manyoya yalikuwa yamekwisha, na mwili mzima ulinuka mafuta ya taa. "Daktari, hajikuni, anakula vizuri. Yananyonyoka tu yenyewe." Nyuma ya mama alisimama bintiye mdogo, nami nikamtazama yeye kwanza. Karibu na kiwiko alikuwa na duara jekundu, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, ukingo umeinuka kidogo na katikati pameanza kupoa.

Duara lile lilinipa nusu ya jibu. Mtoto wa paka anaponyonyoka manyoya bila sababu ya wazi, tunachoshuku kwanza ni fangasi ya ngozi, ile ile ambayo kwa binadamu tunaiita mapunye ikiwa kichwani na choa ikiwa mwilini. Inayowasumbua paka zaidi ni Microsporum canis. Neno canis kwa Kilatini lina maana ya mbwa, lakini maskani yake hasa ni paka. Waliompa jina walimsingizia mbwa wa watu.

Fangasi hii hula ile protini inayojenga manyoya na tabaka la juu la ngozi. Unyoya hulegea, hukatika karibu na shina, pakabaki kipara chenye ukoko kama jivu. Huanzia usoni, masikioni na miguuni. Watoto wa paka ndio huonewa zaidi, kwa kuwa kinga yao bado changa na hawajajua kujilamba sawasawa. Dalili hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo paka uliyemwokota akiwa mzima huweza kuanza kunyonyoka akiwa kwako, ukadhani ni chakula chako kimemdhuru. Mama yake naye anaweza kubeba fangasi bila kipara hata kimoja.

Lakini si kila kipara ni mapunye. Manyoya yakipungua mgongoni karibu na mkia, na paka anajikuna au kujing'ata, tafuta viroboto. Mpitishe chanuo lenye meno ya karibu karibu, kisha vile vidoa vyeusi vitakavyotoka vidondoshe kwenye pamba nyeupe iliyolowa. Vikigeuka wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kuliwa. Mfunue mdomo umtazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, mlete siku hiyo hiyo, kwani viroboto wengi humkausha damu mtoto wa paka hadi akafa. Ukoko mzito wa kijivu unaoanzia kwenye ukingo wa sikio na kushuka usoni, pamoja na muwasho usiompa usingizi, ni dalili ya upele wa utitiri.

Na wako wanaoungua. Paka wetu hupenda joto la jiko la mkaa. Wengine hulala ndani ya jivu lenyewe usiku, kukipambazuka ubavu mmoja umebabuka. Huyo ana kidonda cha moto, hana fangasi. Pia ile sehemu kati ya jicho na sikio kwa paka wengi huwa na manyoya haba tangu kuzaliwa. Ikiwa pande zote mbili ziko sawa na ngozi ni safi, muache.

Turudi kwenye mafuta ya taa, maana hapo ndipo ninapochoka kusema. Watu hupaka mafuta ya taa, oili chafu ya gari, hata dawa ya kuogeshea ng'ombe. Paka hujilamba mchana kutwa, kwa hiyo unachompaka umemlisha. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mbwa au ng'ombe huzimudu. Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za viroboto vya mbwa, humfanya paka atetemeke, atokwe udenda, apate degedege na hata kufa. Ukishampaka, muogeshe upesi kwa maji vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunike asipate baridi, kisha mlete. Usimlazimishe kutapika. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, nazo hupunguza wekundu tu, huku fangasi ikistawi chini yake.

Kliniki tunamulika kwa taa ya Wood, yenye mionzi ya urujuanimno. Manyoya yenye fangasi hii mara nyingi hung'aa kijani cha tufaha bichi, ingawa kutong'aa hakumwondolei paka shaka. Tunang'oa machache tuyaone kwenye hadubini, na mengine tunayaotesha maabara kwa wiki 2 hivi. Tiba ina sehemu mbili: itrakonazoli ya maji, dawa ya fangasi ya kunywa, unayompa wiki moja na kumpumzisha wiki inayofuata, na kumuogesha mara 2 kwa wiki kwa shampuu ya mikonazoli na klorheksidini, au kwa maji ya salfa na chokaa yanayonuka kama mayai viza. Kipimo cha dawa hutegemea uzito, kwa hiyo msimgawie kidonge cha binadamu kwa kukisia.

Nyumba nayo inatibiwa. Manyoya yaliyodondoka hubeba mbegu za fangasi zinazoweza kukaa hai miezi 18. Mtenge paka kwenye chumba kinachosafishika, fagia manyoya kila siku, fua vitambaa vyake. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa klorini ya kufulia, mililita 30 hivi kwa lita 1 ya maji, naye asirudishwe mpaka pakauke. Mtoto mwenye duara apelekwe kituo cha afya.

Yule wa kikapuni alirudi baada ya mwezi, sikio limefunikwa na manyoya mapya laini kama sufi. Mama alitaka kuacha dawa. Tukaotesha tena manyoya machache, na fangasi ikachipua. Tukaongeza wiki nyingine za dawa. Binti, ambaye mkono wake umeshapona, sasa ndiye anayehesabu siku za kumuogesha.